Udongo wa Masinga: kuuzuia mlimani au kuuchota ziwani?

Ziwa la Masinga nchini Kenya lina umri mdogo kuliko watu wengi wanaolitegemea. Lilianza mwaka 1981, ukuta wa udongo na mawe ulipokamilika kuvuka Mto Tana na maji yakatanda nyuma yake katika eneo la kilomita za mraba 120 hivi, kwa ujazo uliokadiriwa kuwa mita za ujazo bilioni 1.56. Mitambo iliyo chini ya ukuta huo ina uwezo wa megawati 40 tu, kiasi kisichotisha, lakini kazi kubwa ya ziwa hili ni kuweka akiba: maji ya masika na ya vuli hutunzwa hapa, kisha huachiliwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi ili Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa manne yaliyofuatana chini yake, yaendelee kufanya kazi. Mwaka 2009, ukame ulipoyashusha maji mno, kituo cha umeme cha Masinga kilizimwa. Kila mita ya ujazo inayomezwa na tope ni sehemu ya akiba ambayo haitakuwepo ukame wa namna hiyo utakaporudi.

Tope hilo hushuka na mito. Chania, Thika, Maragua, Mathioya na Sagana huanzia kwenye milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita mashamba ya chai, kisha ya kahawa, kisha ya mahindi na maharagwe kwenye nchi kavu ya chini, na kila mmoja huongeza mzigo wake njiani. Chama cha watumiaji maji, kaunti au mfadhili mwenye fedha za kulinda ziwa hukabiliwa na mapendekezo mengi yanayokinzana: mmoja anataka mashine ya kunyonya matope, mwingine anataka matuta, wa tatu gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, wa nne miche ya miti. Ulinganisho ufuatao unaziweka njia hizo bega kwa bega. Hoja yangu tangu mwanzo ni kwamba njia haiwezi kuchaguliwa kabla ya kujua ni udongo wa aina gani unaosumbua na umetoka wapi, kwa sababu mahali tope linapoonekana ni nadra kuwa mahali pa kulitibu.

Mashapo hutua wapi

Mto unapoingia ziwani hupoteza kasi, na mzigo wake hupangika kwa uzito. Changarawe na mchanga hutua kwanza, pale pale mdomoni, na kujenga delta inayosogea mbele mwaka hadi mwaka; chembe laini za udongo wa mfinyanzi huelea kwa siku nyingi na kusafiri hadi karibu na ukuta kabla ya kutulia. Wahandisi wanaposanifu bwawa hutenga sehemu ya chini kabisa ya ujazo, chini ya kiwango cha mlango wa kuchukulia maji, iwe kaburi la tope. Wengi huamini kwamba sehemu hiyo ndiyo hujaa kwanza na kwamba kabla haijajaa hakuna hasara. Sivyo. Mchanga mzito hukaa juu, kwenye kina kifupi cha mdomo wa mto, yaani ndani ya ujazo ule ule unaotumika kila mwaka. Ziwa linaposhuka wakati wa ukame, mto huikata delta hiyo iliyoachwa wazi na kuisukuma mbele zaidi, hivi kwamba mmomonyoko na ujaaji huendelea ndani ya ziwa lenyewe hata katika msimu ambao mvua haijanyesha mlimani.

Kuna hesabu moja ambayo kila mjumbe wa kamati angepaswa kuifanya kwa mkono wake. Hekta moja ikipoteza unene wa milimita 1 ya udongo, huo ni mzigo wa mita za ujazo 10, uzito wa tani 12 au 13. Mkulima hawezi kuuona upungufu huo kwa macho. Bonde linalolisha Masinga lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 6,000, yaani hekta 600,000, hivyo milimita hiyo moja ikiondoka kila mahali inakuwa mita za ujazo milioni 6. Si yote hufika ziwani, kwa kuwa sehemu kubwa hukwama kwenye vitako vya miteremko, mabondeni na kingoni mwa mito, lakini hesabu hiyo inaonyesha ukubwa wa kitu tunachopambana nacho.

Njia za ziwani: kuchota, kusukuma, kuinua ukuta

Kuchota matope kwa mashine ndiyo njia inayopendwa na wasikilizaji wa hotuba, kwa sababu matokeo yake huonekana siku hiyo hiyo. Tuiweke kwenye hesabu ile ile. Mita za ujazo milioni 6, kwa lori linalobeba mita za ujazo 10, ni safari 600,000. Ukizigawa kwa siku 365 unapata safari 1,644 hivi kwa siku, zaidi ya lori moja kila dakika, usiku na mchana, bila Jumapili. Hata tukichukulia kwamba ni moja ya kumi tu ya udongo huo inayofika ziwani, bado ni lori 164 kila siku, na lazima pawepo mahali pa kumwaga ambapo mvua ijayo haitaurudisha. Kwa ziwa zima la ukubwa wa Masinga njia hii haifai, na sioni sababu ya kuizungushia maneno. Inafaa kwa vitu vidogo: lambo la kijiji, kidimbwi cha kuchukulia maji ya mtambo wa kusafishia, mbele ya mlango wa mfereji wa umwagiliaji. Kuna mahali pamoja zaidi ambapo inaweza kujilipia, nako nitarejea.

Kusukuma tope nje kwa kufungua milango ya chini wakati wa mafuriko ni njia rahisi zaidi kwa kila mita ya ujazo inayoondoka, mradi bwawa lilijengwa kwa ajili hiyo na mwenye bwawa yuko tayari kulimwaga. Nchini Sudan, bwawa la Khashm el-Girba kwenye Mto Atbara, lililokamilika mwaka 1964, husafishwa kwa namna hii. Nchini China, bwawa la Sanmenxia kwenye Mto Huang He lilianza kuhifadhi maji mwaka 1960 na likajaa tope kwa kasi iliyowalazimisha wahandisi kuchimba mahandaki mapya na kufungua tena milango ya chini iliyokuwa imezibwa. Hata hivyo, mabwawa ya namna hiyo hunufaika zaidi yanapokuwa membamba, yenye mto mkali na mafuriko ya uhakika yanayoweza kulijaza tena bwawa msimu huo huo. Masinga ni pana na lenye matawi, maji yake ni akiba ya mabwawa manne, na kinachosukumwa nje hakiendi baharini, kinaingia Kamburu, jirani wa chini, ambalo tayari hupokea udongo wake lenyewe kupitia Mto Thiba. Kulimwaga ziwa ili kuliokoa, kisha kumhamishia jirani tope hilo hilo, si biashara.

Kuinua ukuta ni kununua muda. Roseires, bwawa la Mto Nili wa Buluu lililokamilika mwaka 1966 na kupoteza sehemu kubwa ya ujazo wake kwa mashapo, liliinuliwa kwa mita 10, na kazi ikakamilika mwaka 2013. Ujazo ukaongezeka sana, na watu wengi wakahamishwa. Kwa upande wa Masinga, KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme inayoendesha mabwawa haya, imewahi kutangaza mpango wa kuongeza kiwango cha maji kwa mita 1.5. Mpango kama huo una maana kwa akiba ya maji na kwa kudhibiti mafuriko, lakini hauzuii hata kilo moja ya udongo, na ufuo mpya unaofunikwa na maji kwa mara ya kwanza humomonyoka kwa mawimbi kwa miaka kadhaa kabla ya kutulia. Anayelinganisha asiuweke mpango huu kwenye safu moja na matuta kana kwamba yanafanya kazi moja.

Njia za shambani: fanya juu, fanya chini, na ukanda wa majani

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, na ndipo Kiswahili kimewapa wataalamu wa udongo duniani istilahi mbili wanazozitumia bila kuzitafsiri. Katika fanya juu, mtaro huchimbwa kwa kufuata usawa wa mteremko, kwa kawaida upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, na udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta. Maji yanayoteremka hukutana na tuta, hutua, huacha udongo wake nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa nafasi kati ya tuta na tuta hujisawazisha yenyewe na kuwa ngazi. Katika fanya chini, udongo hutupwa upande wa chini wa mtaro. Kazi ni nyepesi kwa mgongo, kwa kuwa hakuna kurusha udongo kupanda, na mtaro wenyewe huyapokea maji yanayotoka juu kabla hayajafika kwenye tuta. Lakini ngazi hujengeka polepole zaidi, na mtaro usiposafishwa hujaa na maji huanza kuruka.

Tofauti kubwa kati yake iko kwenye nguvu kazi na mvua. Tuchukue ekari moja yenye mitaro inayopishana kwa mita 15. Urefu wa mitaro yote utakuwa mita 270 hivi, na udongo wa kuchimbwa mita za ujazo 97. Mtu mmoja akiweza kuchimba na kurusha mita za ujazo 3 kwa siku, kazi ni ya zaidi ya mwezi mzima, na lazima ifanyike kiangazi, ardhi ikiwa ngumu, kwa sababu mvua ikianza mikono yote inahitajika kwenye kupanda. Mahali ambapo mvua ni haba, kama sehemu za chini za Machakos na Mbeere, fanya juu hulipa jasho hilo haraka, kwani maji yanayozuiliwa hubaki shambani na mahindi huyanywa. Kwenye miinuko ya Murang'a yenye mvua nyingi na udongo mwekundu wenye kina, hatari ni kinyume chake: maji yakizidi nyuma ya tuta lisilo na njia ya kutokea, tuta hupasuka, na tuta moja la juu likipasuka hubomoa yote ya chini yake. Huko mtaro unahitaji mteremko mdogo uliopimwa wa kuyaelekeza maji kwenye njia iliyooteshwa nyasi, na mteremko ukiwa mkali mno ni heri ardhi ibaki na chai, majani au miti.

Njia ya tatu, ukanda wa majani wenye upana wa mita 1 hivi unaopandwa kwa kufuata usawa, huhitaji jasho kidogo kuliko zote. Napia, yaani majani ya tembo, huchuja udongo na papo hapo kulisha ng'ombe wa zizini, jambo ambalo kwa mwenye ng'ombe wawili wa maziwa ni hoja kubwa kuliko ziwa lote la Masinga. Kasoro ya napia ni kwamba hunyang'anya mahindi ya jirani maji na mbolea, na ikikatwa chini mno wakati wa kiangazi huacha mapengo, na mvua ya kwanza hupita hapo. Vetiva, aina nyingine ya nyasi, haina ladha kwa ng'ombe ikishakomaa, na kwa hiyo hudumu. Mizizi yake hushuka moja kwa moja badala ya kutambaa pembeni. Mwenye mifugo achague napia na awe na nidhamu ya kuikata. Asiye na mifugo, au mwenye shamba lililo kando ya njia ya ng'ombe wa watu, achague vetiva.

Kwa zote tatu, kosa linaloharibu kazi ni moja: mstari kutofuata usawa. Mtaro unaoteremka upande mmoja bila kupimwa na bila njia ya nyasi ya kuyapokea maji huyakusanya maji ya shamba zima na kuyamwaga mahali pamoja, na hapo ndipo korongo huzaliwa. Kipimo cha kamba chenye chupa ya kiputo cha hewa, au fremu ya mbao yenye umbo la herufi A na timazi, ni vifaa vya bei ndogo, na mafunzo yake hayazidi siku mbili. Mradi usio na fungu la vifaa hivyo ningeukataa bila kusoma ukurasa wa pili.

Swali la nani anaamua halikwepeki, na historia ya bonde hili imeshalijibu mara mbili. Utawala wa kikoloni uliwalazimisha wanawake wa Murang'a kuchimba matuta, nao wakakataa na kuandamana mwaka 1948. Upande wa Ukambani, baada ya uhuru, matuta yalienea kwa kasi kupitia vikundi vya mwethya, majirani wakichimba kwa zamu shamba la huyu leo na la yule kesho, kwa sababu kila mmoja aliona mavuno yake yakiongezeka. Udongo ulikuwa ule ule, na jembe lile lile.

Barabara na makorongo

Mapendekezo mengi humtazama mkulima peke yake, ilhali barabara za murram na njia za ng'ombe huchukua eneo dogo la bonde na kutoa udongo mwingi kupita kiasi chake. Barabara ni ngumu, hainywi maji, na mtaro wake huyabeba mpaka kwenye kalvati, ambako humwagwa kwa nguvu juu ya shamba la mtu. Nikiwa na fedha za kutosha jambo moja tu katika eneo lenye makorongo mapya, ningezitumia kwenye mitaro midogo ya kuyatoa maji pembeni mwa barabara kila baada ya mita chache, kabla hayajapata nguvu, na kwenye mabwawa madogo ya kuyapokea.

Gabioni huingia baada ya hapo. Wakenya wa umri fulani wanazikumbuka vizuri, kwa kuwa Rais Moi alikuwa akipigwa picha akizijenga kwa mikono yake, na mwaka 1981, mwaka ule ule wa Masinga, aliunda tume ya kudumu ya hifadhi ya udongo na upandaji miti. Gabioni hufanya kazi nzuri ya kuzuia kichwa cha korongo kisipande mlima, lakini ni ghali kwa waya na mawe, na zikijengwa bila kuyageuza maji yanayoingia juu yake, maji huzunguka pembeni na kuziacha zimesimama katikati ya korongo pana zaidi.

Mabwawa ya mchanga ni jambo la peke yake. Kwenye mito ya msimu ya Machakos, Kitui na Makueni, ukuta mfupi wa zege hujengwa kuvuka mto juu ya mwamba, na lengo ni ujae mchanga. Maji hukaa kati ya chembe, salama na jua na mbu, na hutolewa kwa kisima au bomba. Kwa kijiji, hiki ni chanzo bora cha maji. Kwa ziwa, faida yake ni ya muda, kwani ukuta ukishajaa mchanga, mchanga unaofuata hupita juu, na mfinyanzi laini hupita tangu siku ya kwanza. Anayeomba fedha za bwawa la mchanga kwa jina la kuliokoa Masinga anaomba kitu kizuri kwa sababu isiyo yake.

Uchaguzi kwa hali mbalimbali

Swali la fedha lina mfano uliokwisha kufanyiwa hesabu. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, uliweka wanunuzi wa maji na umeme walio chini pamoja na wakulima walio juu, na makadirio yake yalikuwa kwamba dola milioni 10 zikiwekezwa kwenye matuta, majani, kingo za mito na barabara, faida ingefika dola milioni 21.5 kwa miaka 30. Sehemu ya faida hiyo ni mavuno ya mkulima mwenyewe, na bila hiyo hesabu haifungi. Kwa sababu hiyo pendekezo linalomtaka mkulima aache ukingo wa mto bila kulima, kama kanuni za maji za mwaka 2007 zilivyodai kwa mita 6 hadi 30, lazima limpe kitu cha kuvuna kwenye ukingo huo: majani ya ng'ombe, mianzi au miti ya matunda. Kwa mwenye nusu ekari, mita 6 ni chakula cha watoto.

Kwa chama kilicho juu, kwenye kijito kinachogeuka chekundu kila mvua inyeshapo, ningependekeza barabara kwanza, majani ya ukingoni pili, na matuta tatu, kwa kuwa matuta huhitaji kikundi kilichokwisha kuaminiana. Kwa chama cha nchi kavu ya chini, ambako mvua za kwanza za vuli hukuta ardhi imebaki tupu baada ya mifugo kupita, fanya juu itangulie, pamoja na makubaliano ya kuwazuia ng'ombe wasipite juu ya matuta mapya. Kwa walio ufuoni, tatizo ni kulima ardhi inayoachwa wazi ziwa linaposhuka: udongo uliotifuliwa pale hauhitaji hata mto wa kuubeba, na ukanda wa nyasi kwenye kiwango cha juu cha maji utafaa kuliko jiwe lolote.

Na kule kwenye midomo ya mito, pale mchanga mzito unapotua, ndipo mahali pamoja nilipopaacha. Mchanga huo ni wa kujengea, una mnunuzi, na kuuchota kwenye delta wakati ziwa limeshuka kunaweza kulipa gharama zake, kinyume na kuuchimba kwenye vitanda vya mito iliyo juu, ambako kingo huanguka nyuma ya lori. Masharti yake ni makali: eneo lipimwe na kuwekewa mipaka, kibali kiwe na ukomo wa kiasi, na udongo wa mfinyanzi usichokozwe. Faida kwa pwani haitarajiwi. Mto Sabaki, ambao haujakatwa na mlolongo wa mabwawa kama Tana, huitia bahari ya Malindi rangi ya kahawia kila msimu wa mvua, ilhali sehemu ya mchanga ambao ungeijenga delta ya Tana kule Kipini imelala Masinga, na lori la mjenzi wa Thika haliupeleki huko.

Kazi yoyote kati ya hizi ikishachaguliwa, sehemu ya bajeti itengwe kabla ya jembe la kwanza kwa ajili ya kupima: mistari michache ya kina cha ziwa kwa kipima mwangwi, kifaa cha kupima kina kwa sauti, karibu na mdomo wa Thika na wa Tana, ipimwe tena kwenye mistari ile ile baada ya miaka mitano, na chupa za maji zichotwe kwenye kila kijito wakati wa dhoruba mbili au tatu za mwanzo wa msimu. Mashapo mengi ya mwaka hupita katika siku hizo chache, na mchotaji anayefika baada ya mvua kukatika atapima maji safi.